Kisa, mhusika, kejeli au orodha: makala ya kuchekesha uiandike kwa njia ipi?

Wengi wanaotaka kuandika makala za kuchekesha wanaanza na utani, yaani mtu anawaza mistari mitano ya kuvunja mbavu afu ndo anatafuta pa kuichomeka, na makala inafia hapohapo kwa sababu msomaji anacheka mara moja anaondoka zake. Kuchekesha ni kazi moja. Kumfanya mtu mwenye bando la kuhesabu asikuache mpaka mstari wa mwisho ni kazi nyingine kabisa, na hizi njia nne nazotaka kuziweka sambamba hapa kila moja ina kazi inayoiweza na ingine inaishindwa, kwa hiyo jiulize kwanza unataka nini kwa msomaji wako, kicheko cha leo, au arudi tena wiki ijayo, au akusambazie kwenye magrupu.

Njia zenyewe ni kisa kilichotiwa chumvi, mhusika wa kudumu ambaye watu wanamfuata makala hadi makala, kejeli inayojifanya taarifa ya habari, na zile orodha za "aina saba za abiria wa daladala". Ili nisiipendelee hata moja ntatumia malighafi ileile kwa zote nne, kikao cha harusi, maana mtu mzima wa Dar au Moro au Mwanza ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha plastiki usiku akimsikiliza mweka hazina anasoma majina ya walioahidi, huyo sijui anaishi wapi.

Kisa

Soma hiki kipande:

"Kikao kilitangazwa saa kumi jioni. Saa kumi na mbili tulikuwa wanne, mmoja ni muhudumu wa baa anayesubiri tuagize. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akawashukuru wajumbe kwa kujitokeza kwa wingi, afu akatangaza bajeti, milioni 18. Kwenye daftari la mweka hazina kulikuwa na laki mbili na elfu arobaini, na katika hizo, laki mbili alizitoa bwana harusi mwenyewe."

Angalia vizuri, hapo hakuna utani hata mmoja uliopachikwa. Hakuna aliyeteleza, hakuna aliyetukanwa, hakuna emoji ya machozi ya kicheko kukuelekeza ucheke wapi. Kinachochekesha ni pengo kati ya milioni 18 na elfu arobaini ya wanakamati wote kwa pamoja, na pengo hilohilo ndo linalomshika msomaji, maana tayari anataka kujua hawa watu watatokaje hapa na harusi ni tarehe fulani na kadi zishachapwa. Hii ndo nguvu ya kisa kuliko njia zote zilizobaki, kicheko na hamu ya kuendelea vinatoka sehemu moja, huhitaji kuvitafuta mara mbili.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya muhudumu. Ukiandika "muhudumu wa baa alikuwa anasubiri tuagize, na ukimhesabu na yeye tulikuwa wanne", taarifa ni zilezile, maneno karibu yaleyale, ila kicheko kimekufa. Kwa nini? Kwa sababu umemtoa muhudumu mapema. Kwenye ile ya kwanza msomaji anaona watu wanne, anawapokea kama wajumbe wanne, afu maneno ya mwisho yanamnyang'anya mmoja. Kitu cha kuchekesha kikae mwisho wa sentensi na baada yake usiongeze kitu, hata "yaani nilicheka sana" usiongeze. Watu wanaharibu vicheko vizuri sana kwa kuongeza maneno matatu baada ya kazi kuisha.

Na kisa kina deni. Hapa mwalimu ni Abunuwasi, zile hadithi zimekaa pwani yetu miaka na miaka, na ile ya sufuria kila mtu kasimuliwa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anafurahi, anapokea vyote. Baadae Abunuwasi anaazima tena, safari hii sufuria hairudi, jirani akiuliza anaambiwa pole, imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Anajibiwa, ulipoambiwa imezaa mbona ulikubali. Kile kicheko cha mwisho kimelipiwa mwanzoni kabisa na kisufuria kidogo ambacho wakati kinatokea kilionekana ni kituko tu cha kupita. Ukikitoa kile kisufuria hadithi inabaki ni ya mtu mwizi. Kwa hiyo kama kisa chako cha kikao kinaisha na shangazi anasimama anamaliza deni la ukumbi lote peke yake, basi shangazi aonekane mapema, pale mwanzo, akigoma hata kuchangia kreti moja la soda na akitoa sababu zake. Akidondoka tu mwishoni kama mvua msomaji anahisi kadanganywa, na kweli kadanganywa.

Kuhusu chumvi, mi nashauri uzidishe kitu kimoja kwa kila kisa. Mwenyekiti kachelewa masaa mawili, sawa, kila mtu anamjua mwenyekiti wa hivo. Lakini mwenyekiti kachelewa, MC kalewa, mbuzi wa ndafu katoroka na bwana harusi kazimia, vyote ndani ya aya tatu, msomaji anaacha kuamini, na mtu asiyeamini hana haja ya kujua mwisho. Chagua kimoja kikuze mpaka kikomae, vingine viache na ukubwa wake wa kawaida.

Udhaifu wa kisa ni kwamba kinaisha na ukikimaliza umekimaliza. Mwezi ujao unatakiwa uwe na kingine, na maisha hayakuletei mbuzi aliyetoroka kila mwezi. Pia ndugu zako wanasoma. Badilisha mtaa, badilisha kazi ya mtu, unganisha watu wawili wawe mmoja, usimwache mtu akajitambua kwenye aya ya tatu afu akutafute Idd au Krismasi mbele ya ukoo.

Mhusika wa kudumu

Huyu ndo anamrudisha msomaji. Tumchukue mweka hazina wa kile kikao, tumpe jina la kubuni, Mzee Daftari:

"Mzee Daftari ana kalamu mbili, nyekundu ya walioahidi na bluu ya waliotoa. Ya nyekundu ananunua mpya kila mwezi. Ya bluu aliinunua mwaka Mkapa anaingia madarakani na mpaka leo wino haujafika nusu."

Wiki hii yuko kwenye harusi. Wiki ijayo mpeleke msibani kwenye rambirambi, afu kikao cha wazazi shuleni, afu siku ya Simba na Yanga amekusanya hela za kukodi kosta na gari ni bovu. Kalamu ni zilezile. Ikifika makala ya sita huhitaji tena kueleza kitu, unaandika tu "Mzee Daftari akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyekundu" na watu wanacheka, sentensi moja isiyo na utani wowote kwa mtu anayeisoma mara ya kwanza. Kisa hakiwezi kukupa hicho kitu hata ukiandike vizuri vipi, kwa sababu kicheko cha namna hii kinatoka kwenye kumjua mtu.

Kenya waliwahi kuwa na mfano mkubwa sana wa njia hii, safu ya Whispers ya Wahome Mutahi, aliyeiandika kwenye magazeti kwa miaka mingi mpaka karibu na kifo chake 2003. Aliandika kwa Kiingereza lakini nyumba aliyoijenga mle ndani ilikuwa ya hapahapa kwetu, baba mwenyewe Whispers anayependa kujiita mwana wa udongo, mama yake Appepklonia kule kijijini, mtoto wa kiume Whispers Junior, binti anaitwa Investment, na mke aliyepewa jina Thatcher, la yule waziri mkuu mwanamke wa Uingereza aliyesifika kwa ukali, kwa hiyo kabla hujasoma zaidi ushajua serikali ya nyumba ile iko mikononi mwa nani. Ukisoma kwa makini unaona alichokuwa anafanya, mambo mazito ya nchi wakati wa Moi yanapita mezani kwa mtu na mkewe, kwenye pesa ya matumizi, kwenye safari ya kwenda kumwona mama. Na msomaji alikuwa anarudi Jumapili kuona familia inaendeleaje, sio kuangalia Mutahi katunga utani gani mpya. Yeye mwenyewe alifungwa 1986 kwa tuhuma za kisiasa, akatoka akaendelea kuandika. Huo ni moyo ambao naona hausemwi vya kutosha tunapoongelea waandishi wa vichekesho, kama vile kuchekesha ni kazi nyepesi ya watu wasio na la kusema.

Hata Tanzania kwenye katuni ilikuwa hivohivo, Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, mtu yuleyule kila mara anawekwa kwenye jambo jipya, watu wanafungua gazeti wanamtafuta yeye.

Gharama yake ni uvumilivu. Makala mbili tatu za mwanzo mhusika anakuwa mgeni na watu hawamcheki, na wengi wanakata tamaa pale. Kingine, mhusika anatakiwa awe na kasoro moja iliyo wazi ambayo haiponi. Mzee Daftari hamwamini mtu anayeahidi, basi, hilo ndo lake. Ukimfanya bahili na mlevi na mbea na mwoga kwa wakati mmoja unakuwa huna mtu, una gunia la vituko. Na umpende. Nasema hili nikimaanisha, wasomaji wanajua haraka sana kama mwandishi anamdharau mtu wake, na wakijua hivo hawarudi. Mzee Daftari kuna siku lazima awe sahihi, kuna siku ile kalamu ya bluu itoke kwa sababu mtu asiyetegemewa katoa, na siku hiyo watu watacheka huku koo limewakaba.

Kejeli

Hii inaiga sauti ya habari au ya tangazo la serikali. Kikao chetu kinakuwa hivi:

"Kamati ya maandalizi ya harusi imetangaza kuanza mazungumzo na Benki ya Dunia kufuatia nakisi ya bajeti ya vinywaji. Akizungumza na waandishi, mwenyekiti amesema masharti ya benki hiyo ni nafuu ukilinganisha na ya shangazi."

Uzuri wake ni kasi, sekunde chache mtu kashacheka na kashashea. Inataka uandike ukiwa umekunja uso, lugha iwe ileile kavu ya "inapenda kuutaarifu umma" na "itaendelea kutoa taarifa kadri zitakavyopatikana", ukionyesha tu kidogo kwamba unatania imeharibika. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini na kuandika barua za kikazi hii njia inakuja yenyewe, sauti anayo kichwani tayari.

Shida ya kwanza, kicheko karibu chote kiko kwenye kichwa cha habari. Aya ya pili isipopanda juu zaidi ya kichwa, mtu anaondoka, na zinazopanda ni chache sana. Ndo maana kejeli nzuri ni fupi, maneno 200 au 300, na ukijilazimisha kufika 1,000 utaona unarudia jambo lilelile kwa maneno mengine. Pia inazeeka vibaya, ukikejeli jambo la bungeni wiki hii, mwezi ujao hakuna anayekumbuka ulikuwa unasema nini, wakati kisa cha kikao kitasomeka hata miaka kumi ijayo maana vikao havitaisha.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, watu wanaamini. Na sio watu wa kijijini tu kama wengine wanavyopenda kusema. Mwaka 2012 gazeti la vichekesho la Marekani, The Onion, liliandika kwamba kiongozi wa Korea Kaskazini Kim Jong-un ndo mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani, na tovuti ya People's Daily, gazeti la chama tawala cha China, ikaichukua kama habari kweli na ikaweka picha zake 55. Kama chombo kikubwa vile kilinasa, fikiria skrinishoti yako imekatwa jina lako, imezunguka magrupu ya ukoo na ya kanisani mpaka ina alama ya kutumwa mara nyingi. Na sheria zipo, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana ya kwao ya 2018, zote zilitungwa zikigusa kusambaza taarifa za uongo, na kusema nilikuwa natania unaweza kuanza kuyasema ukiwa umeshakaa benchi la kituo. Kwa hiyo ukichagua kejeli weka jambo ambalo haliwezekani kabisa, kamati ya harusi na Benki ya Dunia hakuna atakayekimbilia benki, lakini usiguse magonjwa, vifo, matokeo ya uchaguzi wala hela za watu, na usimwekee mtu halisi maneno mdomoni yanayofanana na ambayo angeweza kuyasema.

Orodha

Sitakaa sana hapa. "Wajumbe utakaowakuta kila kikao: anayeuliza kama kuna posho, anayeahidi kubwa akiwa wa mwisho kuja na wa kwanza kuondoka, anayepinga rangi ya sare na hajanunua." Watu wanatagiana, wanaambiana "huyu wa pili ni wewe", inasambaa kuliko njia zote na kuiandika ni rahisi. Ila hakuna kinachomlazimisha mtu asome namba tano baada ya namba nne, anaweza kuanzia katikati, anaweza kuacha popote, na kesho hakumbuki ni nani aliandika. Kama unataka kuiokoa, fanya watu wa kwenye orodha wakutane, yule wa posho akae jirani na yule wa sare waanze kubishana, na hapo ushaanza kuandika kisa bila kujijua.

Kuna jambo linazigusa zote nne, ni nani unamcheka. Sisi tuna utani wa kweli, Mchaga na Mpare wanaambiana maneno ambayo mtu wa pembeni akiyasema ni ugomvi, Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi na Kenya Gor Mahia na AFC Leopards ni mashemeji kabisa. Lakini utani ule unaishi kwa sababu mtani wako yupo mbele yako na anakurudishia palepale, pengine kwa ukali kuliko wako. Kwenye makala hayupo, anasoma tu. Hapo ndo naiogopa orodha kuliko zote, maana inawaweka watu kwenye mafungu, na "tabia tano za wanawake wa kabila fulani" haichukui hata namba mbili kabla haijawa matusi. Kisa kinaponyoka kwa sababu kinaongelea mtu mmoja mwenye jina na sababu zake, na unaweza kumpa mtani nafasi ya kujibu mlemle ndani. Kila ukimchoma mtu mpe na mstari wa kujibu, na mstari wake uwe mzuri kuliko wako, utaona hata makala yenyewe inachangamka.

Alafu mwanzo wa makala, maana hapo ndo wengi wanapoteza watu. Ukituma WhatsApp maneno yako yanakatwa, yanayobaki kuonekana ni mistari ya mwanzo na pale pa kubonyeza usome zaidi, kwa hiyo "habari zenu wapendwa, leo nimeona nije na kisa kimoja cha kuchekesha sana" imekula nafasi yote na pia imemuahidi mtu kicheko kabla hajapewa kitu. Kisa kianze ndani ya tukio, saa kumi na mbili na watu wanne. Mhusika aanze na kitu chake, ile kalamu. Kejeli ianze na kichwa chake. Orodha ndo haina tabu hapo, namba zenyewe zinavuta.

Kwa mtu anayeandika akipata nafasi, mara moja kwa mwezi au pungufu, mi nasema kisa bila kusitasita, ndo kinachofundisha uandishi wenyewe na ndo kinachosomwa mpaka mwisho. Mwenye sauti ya ofisini na jicho la habari ajaribu kejeli fupi, akijua mipaka yake. Anayeuza biashara na anataka tu ukurasa wake uzunguke, orodha itamsaidia kwa muda. Lakini kama unataka wasomaji wako mwenyewe, watu wanaokuuliza kulikoni wiki hii hujaandika, hapo ni mhusika, ila usimbuni hewani. Andika visa vinne au vitano kwanza na usome komenti kwa makini, angalia watu wanamtaja nani. Ukiona kila mtu anauliza habari za yule mweka hazina na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama bwana harusi alioa, basi makala inayofuata anza nayo kwa mweka hazina, na harusi iwe ya mtu mwingine.